Kaburi la Mzee Kaniki

Kisa hiki alikisimulia kwanza babu yetu Zefania, mwinjilisti, kwenye matanga ya dada yake mwaka 2008, ndugu walipoanza kuulizana shamba la marehemu litakuwa la nani.

Mtu mmoja, jina lake Singano, alikuwa na shamba. Alipokwenda kufanya kazi kwenye mkonge alimwachia jirani yake Hoza amwangalizie, ale ndizi, na siku akirudi amkabidhi.

Hoza alikula ndizi za mwenzake mpaka akaziona zake. Siku ya gulio, majirani wakiwa hawapo, alikata mgomba, akauviringisha shuka jeupe, akauzika katika shamba hilo. Juu alipanga mawe na kusimika msalaba wenye jina la baba yake, Kaniki. Mzee Kaniki alikuwa hai, akichunga mbuzi wilaya nyingine. Majirani waliporudi, Hoza aliwapokea kwa kilio: baba amefia safarini, mwili haukuweza kungoja. Wakakaa naye matanga.

Singano aliporudi walikwenda baraza la ardhi. Wajumbe walilitazama kaburi, wakasema mtu hamziki baba yake ugenini, wakampa Hoza shamba. Singano akaenda kupanga chumba mjini, akafia humo.

Kisha Hoza akapata mnunuzi. Huyo alitaka kaburi lihamishwe kwanza. Siku ya kulihamisha, mbele ya mtendaji wa kijiji na majirani, alifika mzee mwenye fimbo na kifurushi. Habari za msiba wake mwenyewe zilikuwa zimemfikia kwa kuchelewa. Akausoma msalaba, akaliona jina lake.

"Shikamoo, mzee," mtendaji alisema. "Umemfuata nani hapa?"

Hoza akawahi. "Simjui huyu. Baba yangu yumo humu chini."

Wakachimba. Walikuta vipande vya shuka na udongo, hata mfupa mmoja haukuwapo. Mgambo wakamshika Hoza, naye akamgeukia mzee, akapiga magoti, akamwita baba, amwombee msamaha.

Mzee alimtazama mtendaji, si mwanawe. "Mimi nimeshazikwa, bwana. Maiti hamwombei mtu."

Hapo babu alitutazama mmoja mmoja, akauliza: anayenyang'anya ardhi ya mwenzake, huanza kwa kumzika nani?

Hoza alifia gerezani. Babu Zefania tulimzika mwaka juzi. Mzee Kaniki yu hai.