Vidole vya Tangawizi

Tangawizi hii mnayoniona nikiimenya, yenye vidole vilivyopindapinda, zamani ilikuwa duara kama kitunguu, laini, na haikuwasha hata kidogo. Wakati huo, huko kwenye milima ya Uchina, watu hawakujua kupumzika. Theluji ilipoanguka walifanya kazi vilevile kama wakati wa mavuno, na wakiugua walimlaumu mganga.

Kijiji kimoja kilikuwa na waganga wawili, Bi Suyin na Bi Lanfen, waliotenganishwa na ukuta mmoja. Suyin ndiye aliyekuwa hodari. Akiweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wa mgonjwa, alijua ugonjwa ulipojificha. Vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha. Lakini wagonjwa wengi walikwenda kwa Lanfen, kwa sababu Lanfen alinawiri. Kila majira ya baridi alifunga mlango jua likizama, akafungua jua likiwa limepanda, na theluji ikiyeyuka alitoka uso unang'aa kama bibi harusi. Suyin alitoka amekonda, macho mekundu. Nani atamwamini mganga mgonjwa?

Wivu ulimtafuna. Kila jioni aliona mvuke ukitoka chini ya mlango wa jirani, akajiambia, "Anachemsha dawa anayonificha." Hakwenda kuuliza. Hasidi hana sababu, na mimi naongeza, hana hata adabu. Lanfen akishafunga tu, Suyin aliruka ukuta akachimba bustani ya mwenzake kwa mikono mitupu, jembe lisije likasikika. Theluji yote hiyo! Alichimba siku arobaini akitafuta mzizi wa siri. Hakupata kitu. Baridi ilimwingia vidoleni, vikavimba, vikapinda, na siku moja akashika mshipa wa mgonjwa asisikie chochote. Alirudi bustanini, akaketi kwenye theluji akalia kwa sauti.

Lanfen akafungua mlango. Akamvuta ndani, akamtia miguu katika beseni la maji ya moto lenye tangawizi zikielea.

"Dawa yako iko wapi?" Suyin akauliza kwa uchungu.

"Umeikanyaga, mwenzangu. Maji ya moto, kisha kulala mapema."

"Basi?"

"Basi."

Suyin alikasirika. Akazikamata zile tangawizi, akazibana kwa nguvu zake zote, na ule moto wa wivu ukamtoka mikononi ukaingia humo. Alipofumbua viganja, tangawizi zilikuwa zimepinda, na vidole vyake vimenyooka. Lanfen akampa mkono ajaribu. Mshipa ulipiga taratibu, kwa utulivu ambao Suyin hakuwahi kuusikia kwa mtu yeyote, na wivu ukamchoma tena, kidogo.

Tangu hapo tangawizi ina vidole na inawasha, na baridi ikiingia, watu wa huko hufunga mlango mapema, huloweka miguu, hulala. Kwa hiyo wewe uliyesimama dirishani, acha kuchungulia mvuke wa jirani. Lete beseni.