Kanuni za Chumba cha Kufulia

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Maana yake ni kwamba dhuluma huonekana jambo dogo inapomwangukia mwingine. Ikikugeukia wewe ndipo unapokumbuka kwamba kuna haki duniani. Karani wa chumba cha kufulia nguo za hospitali aliijua methali hii tangu utotoni. Aliijua kwa mdomo tu. Ncha yake hakuwa ameionja.

Chumbani humo walifanya kazi watu sita, kila mmoja amechoka kwa namna yake. Mashuka yaliletwa asubuhi marundo kwa marundo, yakafuliwa, yakakaushwa, yakapigwa pasi, na kesho yake yakarudi machafu kana kwamba hakuna aliyeyagusa. Kazi ya karani ilikuwa kuyaandika yakiingia na yakitoka. Kwa miaka mitatu hakuwa amepata likizo ya mwisho wa mwaka, maana hospitali iliruhusu mtu mmoja tu kutoka wakati huo. Kila mwaka walizozana, hadi msimamizi akaona yamemfika shingoni, akawaambia waamue wenyewe.

Wakaamua kwa mchezo wa kutabiri mechi. Kwa wiki kumi na mbili kila mtu angeandika matokeo ya mechi za ligi kabla hazijachezwa, na mwenye alama nyingi ndiye angekwenda likizo. Kila mmoja alichagua pia timu yake ya moyo, ambayo kila iliposhinda ilimwongezea alama tatu. Kanuni aliziandika karani mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kujivunia, akazibandika juu ya mashine ya kukausha. Ya mwisho ilisema kwamba kanuni hizo hazitabadilishwa mpaka mchezo uishe.

Karani aliitaka likizo ile kwa kufa na kupona. Mama yake angefanyiwa upasuaji wa macho, na alikuwa amemwomba jambo moja tu: bendeji itakapofunguliwa, uso wa kwanza atakaouona uwe wa mwanawe. Lakini Mama Pasi, aliyepiga pasi chumbani humo tangu karani hajaota ndevu, naye alikuwa na lake. Binti yake alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, huko ugenini, hana ndugu wala jamaa. Tena Mama Pasi ndiye aliyeongoza mchezo.

Kufikia wiki ya sita, timu ya moyo ya karani ilikuwa imefungwa mechi nne mfululizo. Mchana mmoja, watu wakiwa hoi kwa joto la mashine, karani alipendekeza kila mtu aruhusiwe kubadili timu yake mara moja. Mama Pasi akaonyesha karatasi iliyobandikwa.

"Tulikubaliana tangu mwanzo, mwanangu."

"Mama, huu ni mchezo tu," karani akajibu kwa upole.

Wenzao hawakuwa na nguvu za kubishana. Wakanyoosha mikono, yakaisha. Karani akahamia timu iliyokuwa kileleni, na wiki baada ya wiki akapanda hadi akampita Mama Pasi. Aliona haya kidogo, akaimeza. Alijiambia kwamba wanawake huzaa kila siku, na huyo binti atazaa tu, mama awepo asiwepo.

Ilipobaki wiki moja, alikuwa mbele ya dereva wa gari la mashuka kwa alama tano, na mbele ya Mama Pasi kwa sita. Alikwisha kumpigia mama yake simu kumwahidi kwamba atafika. Ndipo dereva, mtu wa mzaha aliyeitaka likizo apate kulala tu, aliposema kwamba alama za wiki ya mwisho zizidishwe mara mbili ili mchezo unoge. Karani aliruka. Aliiendea karatasi akaweka kidole kwenye kanuni ya mwisho.

"Haiwezekani. Tulikubaliana tangu mwanzo."

"Bwana Karani," dereva akasema bila ubaya, "si huu ni mchezo tu?"

Watu wakacheka kichovu, wakapiga kura. Mikono minne ilikubali, miwili ikakataa. Mkono wa pili uliokataa ulikuwa wa Mama Pasi. Karani alimkodolea macho.

"Lakini mama, wewe ungefaidika."

"Najua," akasema, akinyoosha shuka mezani. "Nilipinga ile, napinga na hii."

Jumatatu wakahesabu. Wiki hiyo dereva alipata alama tisa, karani sita, Mama Pasi nne. Kwa kanuni za mwanzo, dereva asingemfikia karani. Zilipozidishwa, alimpita kwa alama moja, akaaga na kwenda zake kulala.

Siku kumi baadaye binti wa Mama Pasi alijifungua salama, mikononi mwa watu baki. Mama Pasi alipokea habari kwa simu, akalia kidogo, akarudi kwenye pasi. Karani alitaka kumpongeza, haya ikamzuia. Alitoka nje akampigia mama yake kumwambia kwamba hatakuja.

"Usijali, mwanangu," mama yake alisema. "Nitamwona jirani kwanza. Wewe nitakuona siku nyingine, Mungu akipenda."

Karani alisimama pale ukutani, simu mkononi, machozi yakimlengalenga. Hakuwa na wa kumlaumu, kwani aliyeunoa mkuki ule ni yeye mwenyewe. Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.