Nati Nne na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni karibu, lakini msitulie sana, maana mimi mwenyewe hadithi hii imeninyima utulivu. Sikuileta ili mfurahi. Nimeileta mnisaidie kuamua.

Upande wa Kyela kuna karakana yenye mafundi watatu. Andongwisye ana vidole: akipapasa chuma atakwambia kimezidi unene wa unywele, na ukipima unakuta kweli. Gwantwa, dada pekee kati yao, ana masikio: mashine ikiunguruma anajua kama inakata vizuri au vibaya. Na Lusajo? Lusajo ni mbishi. Msicheke, hicho nacho ni kipaji. Hagusi kitu mpaka ajiulize kitaharibika wapi. Wote watatu umri umekwenda, na hakuna kati yao aliyewahi kupata heshima ya mtoto kupewa jina lake.

Walikuwa wamenunua mashine kuukuu ya kuchonga chuma. Meza yake ina mifereji, myembamba juu na mipana chini. Humo unaingiza nati zenye umbo la herufi T, unakaza bolti, na kitu unachokichonga hakichezi. Ila mashine ilikuja bila nati hata moja, na za dukani ziligoma kuingia. Wakaifunika turubai, ikakaa.

Asubuhi moja ya mvua, Bibi Tusekile akaingia mbio, kanga imelowa, kifuniko kizito cha chuma mikononi.

"Wanangu, pampu ya kituo cha afya imepasuka kifuniko! Mkwe wangu Sekela yuko pale, ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Daktari anasema lazima apasuliwe, na maji safi yamekwisha. Mjini hapelekeki, mafuriko yamefunika daraja. Hiki ni kifuniko cha pampu nyingine. Kichongeni kikae!"

Kisha akainua mkono. "Atakayemletea maji mkwe wangu, mjukuu wangu ataitwa jina lake. Nasema mbele ya Mungu."

Turubai likavutwa.

"Tuchonge nati kwa mashine yenyewe," Gwantwa akasema.

"Hicho chuma cha nati utakibana na nini?" Andongwisye akamuuliza. "Jiliwa la mashine, lile la kubania chuma, nalo linafungwa kwa nati hizo hizo."

Saa tatu ilikuwa imeshapita.

Andongwisye akachukua msumeno na tupa. Akakata chuma, akasugua, akajaribu kwenye mfereji, kikakwama. Akasugua tena. Bibi, mlangoni, akauliza, "Bado?" Bado. Vidole vilichubuka mpaka tupa ikawa na damu. Ilipofika saa sita nati nne zilikuwa zinateleza mferejini bila kukwama wala kulegea, na hakuna fundi mwingine huku kwetu ambaye angeziweza kwa mkono.

Lusajo akazipokea. Akazitoboa, akaanza kukata hesi, ile mistari ya ndani ambayo bolti huifuata ikizunguka. Karibu na mwisho akaacha.

"Malizia mpaka chini!" Gwantwa akafoka.

"Simalizii. Hesi ikifika chini, bolti ndefu itapita, itasukuma sakafu ya mfereji, nati itainuka na kuipasua meza."

"Bolti nitachagua mimi! Mwanamke anakufa, Lusajo!"

"Ndiyo maana simalizii."

Akaziangalia moja moja, taratibu, huku bibi akilia. Mimi ningekuwepo ningempiga. Nasema kweli, ningempiga.

Gwantwa akakifunga kifuniko mezani kwa vibano vinne, akakaza bolti zake nne, akawasha. Vipande vya chuma vikaruka. Wenzake wakaanza kupumua. Ghafla akazima.

"Mbona umesimamisha?" bibi akapiga kelele.

"Sauti imebadilika."

Wenzake hawakusikia kitu. Akainama: kibano kimoja kilikuwa kimeinama nyuma, na kifuniko kimeanza kusogea. Akatia kipande cha chuma chini ya kibano ili kinyanyuke, akakaza upya, akawasha. Angesubiri kidogo tu, kifuniko kingeruka na kuvunjika, na kingine hakikuwepo.

Kifuniko kikafungwa kwenye pampu, na saa nane maji yakatoka. Sekela akapasuliwa. Mtoto wa kike akalia, na mama yake yu hai.

Jioni, wakifungua mashine, waliona kwamba bolti moja ilikuwa ndefu kuliko zile nyingine. Gwantwa alikuwa ameichagua kwa haraka mchana ule. Ncha yake ilikuwa imekwamia palepale Lusajo alipoacha kukata. Gwantwa akakaa chini.

Sasa kuna vita. Andongwisye anasema, "Bila nati zangu mngefunga nini?" Lusajo anasema, "Bila ubishi wangu meza ingepasuka." Gwantwa anasema, "Nilikosea bolti, nakubali. Lakini nani alisikia?" Hawali tena sahani moja. Majina ya huku kwetu hayachagui kike wala kiume, kwa hiyo lolote lingemfaa. Nikasema basi tumpe yote matatu. Bibi akakataa kabisa: "Nilisema jina lake, sikusema majina yao."

Ndiyo, aliyesema hivyo ni mimi. Bibi Tusekile ni mama yangu mzazi, na Sekela ni mke wangu. Siku ile nilikuwa ng'ambo ya daraja, mikono mitupu, nayatazama maji. Watatu wale walifanya kila kitu, mimi sikufanya chochote, na sasa ndimi ninayeambiwa nichague.

Mtoto ana wiki sita. Mama yake anamwita "wewe". Jumapili hii nitasimama kanisani nimembeba, mafundi watatu wamekaa benchi la mbele, na mchungaji ataniuliza anaitwa nani.

Haya, nyinyi mlionyamaza. Mngekuwa mimi, mngetaja jina la nani?