Bi Pimbi Alivyoshuka Mbinguni kwa Jungu

Paukwa!
Pakawa.
Nasema paukwa, na wewe Kitwana acha kumfinya mwenzio.
Pakawaaa.
Kiko wapi?
Kiko juu.
Basi kinashuka, kaeni sawa.

Hapo kale palikuwa na mmea utambaao, umeota mwambani, kichwa chake mbinguni, na huko juu nyuki walikuwa na asali. Nyegere akamwambia Bi Pimbi wapande wakarine. Bi Pimbi alikuwa na mapacha wachanga, hakutaka, lakini Nyegere ana makucha na yeye hana, angesemaje? Akawaficha watoto kwenye ufa wa mwamba. Akabeba mchi wa kuvunjia masega na jungu pana la kuyeyushia asali, chini kalipaka udongo mzito, kama mama yeyote anavyopaka chombo kabla ya kukiinjika kwenye kuni, ili moto ule udongo, chombo kibaki.

Wakapanda polepole. Hakuna aliyeungua. Wakafika.

Nyegere akala. Bi Pimbi akamwambia tushuke, watoto hawajanyonya. Nyegere akasema bado. Nyegere akala. Bi Pimbi akamwambia tushuke, maziwa yananiuma. Nyegere akasema bado. Asali ikamdondoka, to, to, to, ikatiririka kwenye ule mmea, naye, ulafi gani huu jamani, akaulamba, akautafuna, mpaka kachu! Ukakatika, ukaanguka wote.

Bi Pimbi akashika kichwa. Njia ndiyo hiyo, imeliwa.

Nyegere hata haya hana. Akauliza atakayetangulia chini atakuta nini cha kula. Halafu akajijibu mwenyewe: "Si ni vile vitoto vyako viwili?"

Bi Pimbi akaona sasa ni kuruka tu. Akatazama mchi. Akatazama jungu. Akaukumbatia mchi, akaangua kilio, eti mchi ni mwembamba, unapita hewani kama mkuki, mwenye nao atafika kabla hajapepesa jicho.

"Bwana mkubwa, wewe chukua jungu. Mchi niachie mimi mwenye watoto."

"Nipe mchi, we mama watoto."

"Na jungu hili nitafika lini?"

"Nipe."

Akampa.

Nyegere akaubana mchi tumboni, kichwa chini, akajitupa. Vuuuuu! Sasa hewa, wanangu, ni kama watu mlangoni. Ukija taratibu wanakupisha. Ukiwavamia mbio hawana pa kwenda, wanabanana, joto linapanda. Nyegere alikwenda mbio mno, hewa ikabanana usoni pake, ikawaka. Akataka kupunguza mwendo, apunguze na nini? Mchi ukawa mkaa. Uso chwaa! Kifua chwaa! Tumbo chwaa! Akatumbukia bwawani, pu! Akakaa humo siku tatu, anafuka moshi, hataki kutoka.

Bi Pimbi akaketi ndani ya jungu, udongo ukatangulia. Hakushuka wima. Akaliinamisha kidogo, likateleza ubavuubavu huko juu kwenye hewa nyepesi, likaanza kupungua mbio mapema. Kidogo tu, maana ukilaza mno unarushwa juu tena, na watoto wanangoja. Jungu pana likaisukuma hewa mbele, moto ukabaki mbele. Udongo ukawaka, ukabanduka, ukawaka, ukabanduka, kila kipande kikaondoka na moto wake. Bi Pimbi akahesabu majina ya wanawe, ni mawili tu, akayarudia mpaka akasikia kah! Jungu liko mwambani.

Watoto wanalia. Wako hai. Akawanyonyesha, hata majivu hajajipangusa, ndipo akajipapasa nyuma. Mkia haupo. Aliusahau nje ya ukingo wa jungu.

Siku ya nne Nyegere akapita chini ya mwamba, uso mweusi, tumbo jeusi, mgongo tu ndio uliobaki mweupe, kwa sababu ndio uliokuja nyuma. Bi Pimbi na wanawe walikwishahamia juu zaidi, kwenye ufa asikopenya.

"Lakini nilitangulia mimi," akasema Nyegere.

Bi Pimbi akamjibu ni kweli, bwana mkubwa, ulitangulia.

Mpaka leo Nyegere anajisifu, na mpaka leo Bi Pimbi hambishii.

Basi funzo: wakubwa waheshimiwe. Mkubwa akitaka kutangulia mpisheni, akitaka mchi mpeni, msibishane.

Hadithi yangu imetua. Palipopoa chukueni ninyi, palipoungua niachieni mimi. Na Kitwana, lile jungu jikoni halijapakwa udongo.