Beberu Aliyekula Mchicha wa Shule

Palikuwa na mpishi wa shule, Bi Mashavu, na palikuwa na tajiri, Mzee Shekuwe, mwenye mbuzi arobaini wasiojua kushiba. Wanakijiji walilima bustani ya shule ili watoto wapate mboga mchana. Mbuzi wakaifyeka yote.

Mashavu akaenda kwa tajiri. "Tusaidie seng'enge tuzungushie, mzee."

Shekuwe akacheka. "Mbuzi wangu hawajasoma. Watajuaje kuwa ile ni shule?"

Wakapanda upya, mbuzi wakarudi. Safari hii Mashavu hakufukuza hata mmoja. Alichuchumaa mbele ya beberu mkubwa, akamtegea sikio. Shekuwe akamkuta hapo.

"Unafanya nini?"

"Namsikiliza. Mchicha huu ni wa mbegu mpya, mzee. Mbuzi akiula, huropoka siri za nyumba anayolala."

"Upuuzi mtupu!"

"Hata mimi nilidhani hivyo." Akamgeukia beberu. "Ati? Na mkewe hajui? Lo, masikini mama wa watu!"

Shekuwe akatokwa na jasho. "Amesema nini?"

"Kinywa changu kinaona haya, mzee. Na wenzake thelathini na tisa ndio kwanza wanatafuna."

Kabla ya adhuhuri, Shekuwe alileta mkokoteni uliojaa seng'enge, akapigilia nguzo kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni mkewe akamvuta Mashavu kando. "Shoga yangu, yule beberu alisema nini hasa?"

"Alisema mee," Mashavu akajibu. "Mengine aliyasikia mumeo peke yake."