Hodi ya Mamba Ukutani

Semeni, "Tupo."

"Tupo."

Semeni tena, polepole, na waliotutangulia wasikie.

"Tupo."

Basi, hapo kale palikuwa na bwawa. Upande mmoja lilikuwa na matete na maji haba, upande wa pili lilizuiwa na ukuta wa mawe. Kwenye matete alikaa Bi Chura na watoto wake, viluwiluwi ambao walikuwa hawajaota miguu. Alikuwa mjane. Mumewe alimezwa na Mamba wakati wa masika, Mungu ampe raha, na Bi Chura ndiyo kwanza alikuwa ametoka eda.

Mamba alikuwa na bwawa lote, lakini halikumtosha. Akasema anataka na matete, apate pa kulaza mkia. Bi Chura akamwambia kwamba watoto hawana pa kwenda. Wanyama wakaketi, wakaamua: waogelee wawili hao, kutoka kwenye matete hadi ukutani na kurudi. Mamba akishinda, matete ni yake. Akishindwa, ahamie mtoni.

Mamba akacheka. Akajaribu peke yake. Akaenda, akaenda, akafika ukutani, ndu, akagonga pua. Akajikunja ageuke, mkia ukakwama, kama lori lililoingia uchochoroni. Bata walikuwa wanatazama. Mamba akaona aibu, akazama mpaka macho.

Kisha akamwona Bi Chura. Naye akaenda, akaenda, akafika ukutani, akajikunja, akasukuma kwa miguu, chubwi, yuko njiani anarudi. Mamba akatamani hata kule kugeuka kwake. Akamfuata.

"Nifundishe kugeuka," akasema, "au niwameze wanao leo."

"Ulimmeza na baba yao."

Mamba akafikiri. Akasema hakumbuki, maana humeza wengi.

Bi Chura akainama. Akasema atamfundisha.

Na alimfundisha kweli. Alimfundisha kuweka kidevu kifuani, kukunja mkia kabla ya kufika, kukanyaga ukuta kwa miguu yote miwili ya nyuma, kusukuma akiwa chali, kisha kujigeuza. Mamba akaenda, akaenda, ndu. Rudia. Akaenda, akaenda, ndu. Rudia, baba. Mwisho akaenda, akaenda, chubwi, akatoka kama mshale. Akafurahi kama mtoto. Akaanza kumwita Bi Chura mwalimu, na kila asubuhi akamwamkia kwa shikamoo.

Bi Chura akaona mwanafunzi ameiva, akaogopa. Akaenda kwa shoga yake Kaa, aliyekaa kwenye ufa wa ukuta, wakanong'onezana.

Kesho yake akamwambia Mamba, "Limebaki jambo moja. Ukuta huu ni nyumba ya watu. Mtu mzima hakanyagi nyumba ya watu bila kupiga hodi na kungoja ajibiwe. Akinyamaziwa, anapiga mpaka ya tatu, taratibu. Au unataka waseme Mamba hakulelewa?"

Mamba akaona haya. Akasema ni kweli, mama yake alikufa mapema, mambo hayo hakufundishwa na mtu. Akaenda, akaenda, akafika ukutani, akasema hodi. Kwenye ufa sauti ikajibu, "Karibu." Chubwi, akageuka. Siku zote walizojizoeza, sauti ile ilijibu upesi.

Siku ikafika. Wanyama wakajaa ukingoni. Chubwi, chubwi, wakaingia majini. Mamba akaenda, akaenda, akamwacha Bi Chura mbali, akafika ukutani.

"Hodi."

Kimya. Kaa alikuwa ameziba mdomo kwa gando.

"Hodi, wenyewe."

Kimya. Bi Chura akafika, akajikunja, akasukuma, chubwi, akaenda zake. Mamba akamwona. Akamwonea aibu, mwalimu mzima kusahau adabu mbele za watu. Akatazama pembeni asimfedheheshe, naye akangoja. Akapiga hodi ya tatu, taratibu, kisha akageuka vizuri, vizuri kuliko siku zote. Lakini Bi Chura alikuwa amekwisha fika kwenye matete, watoto wamemzunguka.

Wanyama wakacheka mpaka wakalala chini. Nyani akawa anamwigiza, hodi, hodi, huku anabisha mgongo wa Kobe. Mamba hakujua wanacheka nini. Akaja mpaka kwenye matete, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu. Wenyewe hawakuwepo?"

Bi Chura alitaka kuitikia marahaba, ikamkwama. Akasema, "Hawakuwepo."

"Basi labda sikupiga vizuri. Nisamehe, nimekuaibisha."

Akahamia mtoni siku ile ile.

Watoto wa Bi Chura wakaota miguu, kila mmoja mzima, alhamdulillahi. Wakawa wanaogelea hadi ukutani na kurudi, chubwi, chubwi, na mama yao akijifukia kwenye tope. Wakamuuliza anamwogopa nani, na Mamba amekwisha ondoka. Akasema hamwogopi mtu.

Funzo lake, wanangu, ni jepesi. Shikeni adabu, maana mwenye adabu hufika wa kwanza siku zote. Hata Bi Chura aliwafundisha hivyo watoto wake, akiwa ndani ya tope.

Ngano imegusa ukuta, nami nimeishia hapo. Semeni, "Imefika."

"Imefika."