Mtoto Aliyegombewa Siku ya Saba

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, maana hili sitalisema kwa sauti kubwa.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja Mungu alimjalia lake. Kibwana alijaliwa mgongo: gunia la mahindi aliliinua kama mto wa kulalia. Mgaya alijaliwa mikono: trekta lake lilipita mahali ambapo ng'ombe walizama. Apolonia, mfuaji wa mashuka hospitalini, alijaliwa damu inayomfaa kila mtu.

Na palikuwa na Bi Mashavu, aliyebakiwa na binti mmoja tu, Tunu. Mume wa Tunu alifariki akimwacha mjamzito. Uchungu ulimshika Tunu wakati wa masika, mto umefurika.

Kibwana, mdogo wake marehemu, alimbeba shemeji yake mabegani, maji yakimfika kifuani, akamvusha.

Ng'ambo alingoja Mgaya. Huyu na marehemu walichanjiana: walichanjwa chale kifuani, kila mmoja akala ini la kuku lililopakwa damu ya mwenzake, wakaapa kuwa mtoto wa mmoja ni wa wote wawili. Mgaya aliendesha trekta kwenye tope saa nne nzima, akawafikisha hospitali.

Tunu akajifungua, akafumba macho asiyafumbue tena. Mtoto naye alitoka mweupe, damu imemwishia. Apolonia aliacha mashuka kwenye beseni, akanyoosha mkono atolewe damu. Mtoto akapata rangi, akalia.

Siku ya saba ikafika, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina. Bi Mashavu alimpakata, mikono imeishiwa nguvu kwa uzee. Juzi mtoto alimponyoka, akaangukia mkekani. Alijua hawezi kumlea. Atakayempokea leo ndiye atakayempa jina na kumchukua.

"Mama, nipe mtoto wa kaka yangu," Kibwana alisema. "Tazama hata masikio, ni yetu."

"Masikio!" Mgaya akacheka. "Hata mbuzi ana masikio."

"Wewe nyamaza, mzee wa trekta! Chale mbili zimekufanya baba?"

Mgaya aliacha kucheka. "Nilikula damu ya kaka yako, Kibwana. Wewe ulizaliwa ukamkuta. Mimi nilimchagua, nikaapa. Nikimwacha mwanawe, kiapo kitanirudi."

Apolonia alikuwa amekaa karibu na mlango, rozari mkononi. Alikwisha kuzika watoto wake watatu.

"Na wewe, dada, unasemaje?" Bi Mashavu alimuuliza.

"Mimi si wa ukoo, mama, wala si wa dini yenu. Ila mshipa huu unaogonga hapa utosini," akasogea, akamgusa mtoto utosini kwa kidole kimoja, "unagonga kwa damu yangu."

Hakuna aliyekumbuka kwamba damu ya Bi Mashavu pia imo humo, na kwamba ni yeye aliyemzika Tunu.

"Ee Mola," Bi Mashavu alinong'ona, "umeninyima nguvu, basi usininyime akili." Wembe ulikuwa tayari kwenye sahani ya maji. Mtoto alianza kuteleza tena mikononi mwake, na mikono sita ikanyooshwa kwa pamoja.

Asingekuwepo mmoja wao, mtoto asingekuwa hai.

Haya, ninyi mliosikia. Mzee wa watu hawezi kumshika zaidi. Ungekuwa wewe Bi Mashavu, ungemwachia nani?